Paswadi ya Mtu ni Amana

Mwezi wa Juni ukishafika katikati, saiba za Timbwani, huku Likoni, hazilali. Walinzi, wapishi wa hoteli za Diani, makuli wa bandarini, vijana wasio na kazi na akina mama wa vibanda hupanga foleni wakiwa na vitambulisho mkononi, maana tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya ushuru wa mapato ya mwaka uliotangulia. Ukosefu wa kazi haumwondolei mtu wajibu huo. Mwenye namba ya mlipa ushuru (PIN) ya KRA, mamlaka ya ushuru, iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato, hata kama mwaka mzima hakuona shilingi, anatakiwa aseme hivyo kwa ritani ya sifuri. Asiposema hupigwa faini ya shilingi 2,000, au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa ikiwa hiyo ni kubwa zaidi.

Maisha yangu ya kazi niliyamalizia upande wa kisiwani, karani wa hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nilipostaafu majirani waliendelea kuniita Karani, na baada ya laasiri barazani pangu hapakosi mtu mwenye simu na swali. Kuna siku wanaleta barua za shule au fomu za shamba, lakini kinacholeta watu wengi zaidi ni ushuru wa serikali kuu. Sitozi kitu. Huduma hiyo hiyo hutolewa bure na maofisa walioko Huduma Centre, pale Posta Kuu, Digo Road, nami humwambia hivyo kila anayekuja. Ila kutoka huku kwetu hadi Posta ni kuteremka kivukoni, kuingojea feri, kuvuka, kisha kupanda gari jingine au kutembea juani. Anayetembea kwa miguu havuki kwa nauli, ni kweli, lakini mwendesha tuktuk aliyeacha chombo chake nusu siku amekwisha kulipa kwa njia nyingine. Ndiyo maana watu huanza na jirani.

Nilichokiona kwa miaka hii barazani ni kwamba wengi deni lao ni dogo kuliko hofu yao.

Kijana mmoja wa bodaboda alinijia kwa hatua za mtu anayekwenda kusikia hukumu. PIN yake aliichukua mara tu alipomaliza kidato cha nne, kwa kuwa fomu ya mkopo wa elimu ya juu wa HELB iliitaka. Chuo hakikutimia, mkopo hakuuchukua, PIN ikabaki. Miaka ikapita bila yeye kuikumbuka. Siku alipoomba kazi ya ulinzi akatakiwa cheti cha kuonyesha kwamba hana deni la ushuru, na alipofunguliwa akaunti yake ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, akakuta faini za miaka mfululizo. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, “Ami, nitafungwa?”

Nilimwambia akae, nikamwagizia kahawa, kisha tukasoma pamoja kilichoandikwa kwenye kioo cha simu. Ushuru wenyewe hakuwa anadaiwa hata senti. Zilikuwa faini tupu za ritani ambazo hazikuwasilishwa. Na wakati huo msamaha ulikuwa bado unaendelea. Sheria ya Fedha ya 2023 iliruhusu faini na riba za vipindi vya hadi 31 Desemba 2022 zifutwe kwa mtu aliyemaliza kulipa ushuru wenyewe kufikia 30 Juni 2024. Muda huo ulipokwisha, bunge likaurudisha msamaha mwishoni mwa 2024, ukaendelea hadi 30 Juni 2025, na safari hii ukafika vipindi vya hadi 31 Desemba 2023. Kijana akawasilisha ritani zake za nyuma, mwaka mmoja baada ya mwingine, kwa kidole chake mwenyewe. Akaniuliza mbona hakuna aliyemwambia. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Habari za faini hufika kila kichochoro cha Likoni, za msamaha huishia kwenye matangazo ya gazetini.

Tangu siku ile, anayenijia na hofu humtangulizia swali moja kabla ya yote: umeiona barua hiyo kwa macho yako, au umesimuliwa? Wengi wamesimuliwa.

Mzee mmoja mwenye nyumba ya vyumba alikuwa amesimuliwa vibaya sana. Huyu ni mtu aliyeishi sehemu kubwa ya umri wake kwenye shamba la Waitiki, lile la ekari 930 ambalo serikali ililinunua kwa mwenyewe, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja Likoni kuwagawia wakazi hati. Kabla ya hapo, karatasi yoyote yenye muhuri kwake ilikuwa na maana moja, kubomolewa. Alipopata hati akajenga taratibu, chumba baada ya chumba, na mwaka 2022 akamaliza vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja shilingi 3,500 kwa mwezi. Baadaye akatokea mtu mwenye mkoba aliyemwambia kwamba KRA inamdai asilimia 10 ya kila kodi aliyopokea, kwamba jina lake liko kwenye orodha, na kwamba kwa malipo kidogo orodha ile inaweza kushughulikiwa. Mzee alikuwa akimlipa mtu huyo. Alikuwa pia ameacha kuzungumza na wapangaji wake wawili, akiwashuku kwamba ndio waliomchongea.

Nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Vyumba sita kwa 3,500 ni shilingi 21,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 252,000. Ushuru wa kodi za nyumba za kuishi humhusu mwenye kupokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka hadi milioni 15. Mzee yuko chini ya mstari. Hana mapato mengine. Na hata ukihesabu kwa njia ya kawaida ya ushuru wa mapato, shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na kila mkazi hupewa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kwa hiyo kinachobaki ni sifuri. Linalomlazimu ni kuwasilisha ritani yake ya mwaka, akitaja kodi alizopokea bila kuzificha. Tena ile asilimia 10 aliyotishwa nayo ilikuwa ya zamani, maana tangu Januari 2024 kiwango kimeshuka hadi asilimia 7.5.

Aliitazama ile karatasi kwa muda, akaniuliza swali ambalo lilinifurahisha kuliko shukrani zote: “Na nikiongeza chumba cha saba?”

Tukahesabu tena. Vyumba saba ni 24,500 kwa mwezi, 294,000 kwa mwaka, naye atakuwa amevuka mstari. Asilimia 7.5 itakatwa kwenye kodi yote na si kwenye ile ziada peke yake, kwa hiyo atalipa shilingi 22,050 kwa mwaka, akitoa hesabu kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chumba kipya kitamletea 42,000 kwa mwaka na mkononi zitabaki 19,950. Akasema atafikiri. Huyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliyekuja kwangu akinong’ona sasa alikuwa anapanga mali yake kama mwenye mali.

Hofu ya wazee wetu ina mizizi, na haifai mtu wa ofisini kuidharau. Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, baadaye ikaongeza kodi ya kichwa, na aliyeshindwa kulipa aliweza kufanyishwa kazi badala ya fedha. Kwa wazee hawa, mkusanya kodi alikuwa askari, na jibu la busara lilikuwa kuingia msituni mpaka apite. Mtu hurithi shamba, hurithi na hofu ya baba yake. Leo mkusanya kodi hana bunduki, na Katiba ya 2010 inasema hakuna ushuru unaotozwa ila kwa sheria iliyoandikwa. Lakini ujumbe wa simu unaoanza kwa herufi zile tatu za KRA bado unawakimbiza watu wazima, na anayekimbia hasomi.

Kuna pia mkanganyiko wa milango. Mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na kwangu alikuwa ameshika kwamba amekwisha kulipa serikali, kwa kuwa kila siku hukata tikiti ya kaunti. Hajakosea kuhusu tikiti. Ila ushuru wa mapato, VAT na ule wa forodha ni wa serikali kuu, na kaunti ina zake, kama za ardhi na leseni za biashara. Risiti ya mlango mmoja haifungui mwingine. Mama huyu alisajiliwa PIN na mtu ambaye, pengine kwa haraka, aliweka alama kwenye kisanduku cha ushuru wa mauzo. Ushuru huo humhusu mfanyabiashara mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3 ya mauzo tangu Julai 2023, na ritani yake hutakiwa kila mwezi. Mama akiuza vizuri hupata 2,000 kwa siku. Hata akiuza siku 300 kwa mwaka, hiyo ni 600,000. Hakustahili kuwamo. Lakini maadamu alama ipo, mfumo unamngojea kila tarehe 20. Dawa yake ni kuwasilisha ritani zilizosalia na kuomba wajibu huo uondolewe, na hilo tulilipeleka Huduma Centre pamoja, kwa feri, kwa sababu jambo la kuondoa wajibu napenda mtu alizungumze uso kwa uso na ofisa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Tangu 2015, fomu za karatasi zilipoacha kutumika na kila kitu kikahamia iTax, nchi hii imebebwa na vijana wa saiba. Nasema hivyo kwa heshima. Bila wao, watu wengi wa Likoni wasingekuwa na PIN, wala cheti cha polisi cha mwenendo mwema, wala miadi ya pasipoti. Wanafanya kazi usiku wa manane mfumo unapokuwa mzito, wanavumilia matusi ya wateja waliochelewa. Ila desturi moja imeingia ambayo lazima tuiseme. Mteja anakuja hana barua pepe. Kijana, ili kazi iende, anaandika anwani yake mwenyewe, au anafungua mpya papo hapo na kuisahau jioni hiyo hiyo. Paswadi anaiandika kwenye daftari la duka, mstari chini ya mstari, majina ya mtaa mzima. Mteja anaondoka na karatasi ya PIN, amefurahi. Hajui kwamba tangu dakika ile, kila barua ambayo serikali itamwandikia kuhusu fedha zake itakwenda kwa mtu mwingine.

Niliuona uzito wa jambo hili kwa dada mmoja aliyerudi kutoka Oman. Kabla ya kwenda alikuwa na duka la mitumba, alisajiliwa na mtu wa saiba, akafanya biashara, kisha akalifunga akaenda Muscat kufanya kazi za nyumbani. PIN haikufungwa. Akiwa huko, KRA ilimtolea hesabu ya ushuru kwa makadirio. Sheria inampa mtu siku 30 tangu apewe taarifa ya namna hiyo kuwasilisha pingamizi. Kamishna naye ana siku 60 za kutoa uamuzi, na asiyeridhika ana siku 30 nyingine za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Rufaa za Ushuru. Ni ngazi nzuri, zimepangwa kwa haki. Lakini taarifa ilikwenda kwenye barua pepe ya kijana wa saiba ambaye siku hizo alikuwa amekwisha acha kazi na namba yake haipatikani. Siku 30 zikapita dada yuko jikoni kwa watu, hana habari.

Alipokuja kwangu alikuwa ameshauriwa na ndugu zake achukue PIN nyingine kwa jina la mdogo wake aanze upya. Nilimkatalia kwa ukali ambao sikuzoea kumwonyesha mtu. Kujificha nyuma ya jina la mdogo wako ni kumtwika na yeye mzigo. Badala yake tulitafuta mlango ulioachwa wazi na sheria yenyewe. Sheria ya Taratibu za Ushuru inamruhusu aliyechelewa kuomba aongezewe muda wa pingamizi ikiwa alikuwa nje ya Kenya, au mgonjwa, au alizuiwa na sababu nyingine ya maana. Pasipoti yake ilikuwa na mihuri ya kutoka na kuingia. Kwanza akaenda mwenyewe kubadilishiwa barua pepe, kazi inayotaka kitambulisho halisi na subira. Kisha tukaandika ombi, tukaambatisha nakala za mihuri, mkataba wa kazi na barua ya chifu kwamba duka lilifungwa. Jambo la hesabu za duka lenyewe nilimpeleka kwa mhasibu mwenye leseni mjini, maana hapo elimu yangu ilikuwa imefika ukingoni, na fedha ilikuwa si ndogo. Msaidizi asiyejua pa kusimama ni hatari kuliko asiyejua kitu.

Kutokana na dada huyu nimejiwekea kanuni barazani. Simu ya mtu siishiki. Ataishika mwenyewe, nami nitamwambia bonyeza wapi, hata kama tutachukua saa nzima na jua likazama. Paswadi yake siitaki kuijua. Akiandika, nageuza uso. Barua pepe ni yake, kwa jina lake, na kabla hajaondoka huifungua mbele yangu mara ya pili ili nione kwamba ameweza. Wapo wanaokasirika. Bwana mmoja, mtu wa makamo, aliniambia, “Karani, mimi nimekuja kusaidiwa, sikuja darasani.” Nilimwomba radhi, nikaendelea vile vile. Ukimfanyia mtu ritani, mwakani atarudi. Akijifanyia, mwakani atamsaidia mkewe. Sisi watu wa pwani tunalijua neno amana tangu madrasani: ulichowekewa si chako, na hukitumii hata kwa nia njema. Siri ya mapato ya mtu iko kwenye kundi hilo. Nimesikia katika mtaa huu mtu akitajiwa hadharani kiasi anachopata, na habari ikafuatwa nyuma hadi kwenye daftari la duka. Ndoa ilitikisika.

Jambo jingine nililojifunza ni kuwa mwangalifu na neno “sifuri”. Ni jepesi, dakika chache kazi imekwisha, kwa hiyo msaidizi mvivu humjazia kila mtu sifuri. Mlinzi anayekatwa ushuru kila mwezi kwenye mshahara akijaziwa sifuri amesema uwongo bila kujua, na siku mfumo utakapolinganisha ritani yake na ya mwajiri, swali litamfuata yeye. Mwajiriwa anastahili kudai kwa mwajiri wake fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na makato yake ya mwaka, na aisome. Kwenye fomu ile ndipo wengine hugundua kwamba walikatwa fedha ambazo hazionekani kwenye akaunti yao ya iTax. Ugunduzi huo ni mchungu, lakini ni bora uupate Februari kuliko Juni. Vivyo hivyo kwa watu wenye ulemavu walioajiriwa: sheria inawasamehe ushuru wa mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, mradi wawe wamesajiliwa na kupewa cheti cha msamaha. Nimekutana na fundi wa kiwandani, mguu mmoja hana, aliyekatwa kwa miaka bila kuambiwa na mtu. Alipoisoma ile ibara alinyamaza, kisha akauliza tarehe ya kuanza kuomba.

Ninachokitaka kwa Timbwani si kikubwa. KRA hufanya vikao vya kusaidia watu kujaza ritani, na maofisa wake nilioonana nao kaunta ya Posta walinisikiliza vizuri. Nawaomba wavuke maji, waje mapema, mwezi wa Februari au Machi, kabla ya pilikapilika za Juni. Wakae siku moja kwa mwezi kwenye afisi ya chifu au uwanja wa shule, wakiwa na uwezo wa kubadilisha barua pepe na kuondoa wajibu usiostahili, maana hayo mawili ndiyo yanayowavusha watu wetu feri. Watangaze kwa Kiswahili, na kwa Kidigo pia, na wakitangaza faini watangaze na haki ya pingamizi kwa sauti ile ile. Barua ya ombi tumekwisha iandika, imesainiwa na wazee wa mtaa na akina mama wa kikundi cha akiba. Wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne wamejitolea kuwapanga watu kwenye foleni na kuwaelekeza kwenye simu zao. Nimewafundisha kanuni ya kutoshika simu ya mtu, nao wameongeza ya kwao: asiyejua kusoma aje na mtu wa nyumbani kwake anayemwamini. Dada wa Muscat bado anasubiri jibu la ombi lake. Kila Jumatatu huifungua barua pepe yake mwenyewe.